Kihindi kinasomwa kama kilivyoandikwa? Wiki ya tatu niko kwenye herufi na राम inanishinda

#1 MzeeWaMajora
Wakuu salaam. Kuna jamaa yangu aliniambia Kihindi hakina shida: "Ukishashika herufi umemaliza, kinasomwa kama Kiswahili." Nikamwamini. Wiki ya tatu sasa, kila usiku nikifunga duka nakaa na daftari naandika क ख ग घ mpaka kidole kinaota sugu. Irabu 11 nimeshika, konsonanti 33 nimeshika.

Juzi nikasema sasa nisome maneno. Neno la kwanza राम. Kitabu kinasema kila konsonanti inazaliwa na "a" yake ndani, hakuna haja ya kuiandika. Basi र ni ra, kile kijiti ा kinairefusha, म ni ma. Nikasoma RAAMA. Programu ya simu ikanikatalia: RAAM. Nikaenda कमल, nikasoma kamala. Ikakataa tena: KAMAL.

Ile "a" ya mwisho imekwenda wapi? Na kama haisomwi mwishoni, mbona mwanzoni inasomwa? Kati yangu, kitabu na huyo jamaa, muongo ni nani?

#2 kiparamoto
Nimeweka kambi. Mimi nilianza zamani, nikaachia njiani kwenye ङ.

#3 PuneHadiPangani
Mkuu #1, nimekaa Pune, India, miaka minne kimasomo, hilo jambo lilinitesa pia. Muongo ni jamaa yako, ila si sana.

Ile "a" ya ndani ikiwa mwisho wa neno huwa haitamkwi kwenye Kihindi cha leo. Hiyo ni nyepesi. Kazi iko katikati. Chukua नमक, namak, maana yake chumvi. Ukiongeza mkia ikawa नमकीन, hausemi "namakiin", unasema "namkiin". Au समझ, samajh. Ukisema "alielewa" inakuwa समझा, samjhaa. Ile "a" ya katikati inaanguka ikibanwa: kabla yake kuna silabi yenye irabu, baada yake kuna konsonanti yenye irabu yake. लड़का, kijana, ni laṛkaa, si laṛakaa.

Ukishazoea, sikio linakuambia lenyewe. Hakuna Mhindi anayekaa kuhesabu silabi.

#4 Kinyonga wa Mabibo
Yaani chumvi ikiwa peke yake ina "a" zote mbili, ikiingia kwenye vitafunwa inapunguziwa moja? Kiswahili nakupenda kwa kweli.

#5 ShangaziLikoni
Hamjambo. Wanangu, msiwatie watu hofu. Mimi sikujifunza Kihindi darasani, nilikifuata kwa jirani wa pale mtaani kwetu, mama wa watoto niliokuwa nikicheza nao. Yeye alikuwa akiwafundisha wanawe barakhadi: क का कि की कु कू के कै को कौ कं कः. Kumi na mbili, wanaimba. Nikamwambia, kumbe ni ba be bi bo bu! Na ndivyo. Ukitaka kusoma usianze na herufi moja moja kama anavyofanya Mzee wa Majora. Anza na mwimbo. Herufi moja, kisha ipitishe kwa irabu zote, kisha inayofuata.

Hiyo "a" inayopotea jirani yangu hakuwahi kuniambia kama yapotea. Alisema tu, nami nikasema kama yeye.

#6 MdauMuscat
Shangazi heshima yako. Ila huo ndio ujanja wenyewe: walioanza na mdomo hawaoni tatizo, walioanza na daftari ndio wanaoumia.

Mimi niko Muscat, kazini Kihindi nakisikia asubuhi hadi jioni, nakisema bila shida. Nilipoanza kukisoma ndipo nikashangaa. Neno la "sana" mimi nalijua "bohot" tangu siku ya kwanza. Nikaliona limeandikwa बहुत, yaani ba-hu-t. "Kusema" nasikia kehna, imeandikwa कहना, kahnaa. "Yule" nasikia vo, imeandikwa वह, vah. "Huyu" nasikia ye, imeandikwa यह, yah. Sasa anayedai herufi moja sauti moja aniletee hayo manne anieleze.

#7 FundiChapa
Hapa mnachanganya mambo. Maandishi haya ya Devanagari hayakutengenezewa Kihindi. Yalikuwa ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na kwenye Kisanskriti ile "a" inatamkwa: Raama, Ashoka, yoga. Lugha ikatembea, maandishi yakabaki yamekaa. Ndiyo maana dunia nzima inasema yoga lakini Mhindi wa Delhi anakwambia yog. योग ile ile.

Na ule mpangilio wa herufi alioupanga Panini, yule mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti, ni wa kitaalamu mno. क ख ग घ ङ zote zinatoka kooni, च ziko kwenye kaakaa, ट za kukunja ulimi, त za meno, प za midomo. Unatoka ndani ya koo unaelekea nje. Ukilinganisha na a b c d, hiyo abc imepangwa kama vyombo vilivyomwagika.

#8 KartasiNyeupe
#7 nakubali karibu yote isipokuwa Panini. Orodha yake inaanza a, i, u na kuruka ruka kwa ajili ya kanuni zake za sarufi, si hiyo ya koo hadi midomo. Huu mpangilio wanaouimba watoto ni wa wataalamu wa matamshi waliokuwa wakilinda usomaji wa Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu. Panini anabebeshwa kila kitu.

Na kuhusu "a" kupotea, mimi niliwahi kuambiwa na mwalimu kwamba ni athari ya Kiajemi, zama za Wamughali waliotawala India, kwa kuwa maneno ya Kiajemi mengi yanaishia kwa konsonanti.

#9 PuneHadiPangani
Hiyo ya Kiajemi siikubali. Kibengali kinadondosha, Kimarathi kinadondosha, hata maneno ambayo hayajawahi kukutana na Mwajemi yanadondosha. Halafu Kiodia, jirani kabisa wa Kibengali, kimeshikilia "a" yake ya mwisho mpaka leo. Kama ni Wamughali, mbona Odisha hawakuidondosha?

#10 KartasiNyeupe
Na kama ni lugha kutembea tu, mbona Odisha haikutembea? Swali lako linakurudia mwenyewe.

#11 Kinyonga wa Mabibo
Mimi nasema ni uvivu. Sisi "shikamoo" imekuwa "shkamoo", nani alitutawala hapo?

#12 MzeeWaMajora
Mnanipa raha na mnanichanganya. Swali dogo: si kuna alama ya kuua irabu, kile kimkia cha chini, halant ्? Kwa nini wasiiweke mwishoni ikajulikana? राम् kisha tumalize ugomvi.

#13 FundiChapa
Kwa sababu itabidi uiweke karibu kila neno la kitabu. Mwandishi wa Kihindi anajua msomaji wake anajua. Halant inatumika pale ambapo pangekuwa na utata, au pale ambapo herufi mbili hazina namna ya kuungana vizuri.

#14 MzeeWaMajora
Sawa. Sasa donda la pili, na hili ndilo linaloniaibisha. Kuna mzee mmoja wa Kihindi ananiletea bidhaa. Nikamwambia kwa mbwembwe "khaanaa khaayaa?", yaani umekula, nikiivuta ile kh kama ya "kheri". Akacheka akasema nimeongea kama mtu mwenye mafua. Nikarudia "haathii", tembo, kwa th ya "thelathini". Akacheka zaidi. Kwani kh si kh?

#15 MdauMuscat
Hahaha pole sana. Huo ni mtego wetu sisi hasa. Kiswahili kimeshazigawa kh, th, dh, gh kwa sauti za Kiarabu. Ukiona Kihindi kimeandikwa kwa herufi zetu, "khana", "dhanyavad", "ghar", macho yanakimbilia kheri, dhahabu na ghali. Siyo kabisa. ख ni k halafu pumzi. थ ni t halafu pumzi. ध ni d halafu pumzi. घ ni g halafu pumzi.

Ile kh ya kheri ipo, lakini inakuja na nukta chini: ख़. ख़बर, habari. ग़ ni gh ya ghali. ज़ ni z. फ़ ni f. Hizo ni za maneno yaliyotoka Uarabuni na Uajemi. Magazeti mengi nukta hawaiweki, na wenyeji wengi hawaitamki. Tanzania ikiandikwa vizuri ni तंज़ानिया. Ukiondoa ile nukta tunakuwa "Tanjania".

#16 kiparamoto
Tanjania hoyeee

#17 PuneHadiPangani
Dawa yake ni karatasi. Kata kipande chepesi, kishike mbele ya mdomo. Sema पल, pal, muda mfupi: karatasi itulie. Sema फल, phal, tunda: karatasi iruke. बात baat ni maneno, भात bhaat ni wali. दान daan ni sadaka, धान dhaan ni mpunga. ताली taalii ni kofi la kupiga makofi, थाली thaalii ni sahani. Mimi mwaka wa kwanza hotelini niliomba kofi.

Halafu kuna mwiba wa tatu, wa ulimi. दाल daal ni dengu, ulimi unagusa meno. डाल ḍaal ni tawi, ulimi umekunjwa nyuma. ढाल ḍhaal ni ngao, umekunjwa na pumzi juu yake. Tatu hizo sisi tunaziandika zote "dal".

#18 MdauMuscat
#17 kuongezea: hiyo फल vijana wengi sasa wanasema "fal" kabisa, na f. Kwa hiyo karatasi isiporuka usijilaumu, huenda mwalimu wako mwenyewe hairuki.

#19 ShangaziLikoni
Mwasema Mswahili hana hiyo pumzi? Ya kwenu huko bara haina. Njooni Mombasa. Paa la nyumba na p'aa wa mwituni ni mamoja? Kaa la moto na k'aa wa baharini ni mamoja? Tembo la mnazi na t'embo mwenye mkonga? Mama yangu angekupiga kofi ukiyachanganya. Na t tunazo mbili pia, ya meno na ya ufizi. Mimi ख na क sikuzisomea, nilizikuta kinywani mwangu.

Na ndiyo maana leso wengine waliandika "khanga". Ile ni k'anga, ya pumzi.

#20 FundiChapa
Shangazi hapo kwenye khanga ngoja kidogo. Mimi nilivyosikia, hiyo tahajia ni ya wafanyabiashara wa Kihindi walioagiza na kuchapisha kanga, waliandika kwa masikio yao.

#21 ShangaziLikoni
Na masikio yao yalisikia nini mwanangu? Si pumzi?

#22 Kinyonga wa Mabibo
Fundi kakaa kimya. Uzi uendelee.

#23 nyota_ya_Tanga
Nimesoma wote, ahsanteni. Nilichogundua ni kwamba sisi wa bara tulikwishatoa jibu zamani kwenye maneno tuliyoazima: pumzi tumeitupa yote. धोबी, dhobii, kwetu dobi. भजिया ni bajia. लाख, laakh, ni laki. छाप, chhaap, ni chapa. भांग, msinitolee macho, ni bangi. Na गाड़ी je? Ile ड़ ni ya ulimi uliokunjwa ukapigwa mara moja, mtu akiisikia hajui ni d au r. Sisi tukachagua r, tukapata gari.

Na पैसा, ile ै vitabu vinaiandika "ai", lakini Delhi utasikia "e" iliyopanuka. Pesa! Babu zetu walisikia sawasawa kuliko vitabu.

#24 KartasiNyeupe
Pesa kuna wanaosema ni peso ya Wareno.

#25 nyota_ya_Tanga
Na kuna wanaosema mengi. Mimi nabaki na paisa.

#26 kiparamoto
Mimi nilijua Kihindi kupitia filamu, nikajiona mtaalamu. Ila majina yake kwa herufi zetu yalinipotosha. "Hum" na "tum", nikadhani u ni ile ile. Kumbe हम ni ham, ile a fupi ya kumezwa, na तुम ndiyo tum kweli. Wameandika kwa tahajia ya Kiingereza. Tangu hapo namwambia kila mtu: usijifunze kwa herufi za Kilatini hata siku moja, utajenga nyumba mara mbili.

#27 MzeeWaMajora
#26 umenena. Basi nimetupa kile kitabu chenye Kilatini pembeni. Ila kuna hiki: हिन्दी. Nimekitazama nusu saa. ि ya "i" fupi imekaa KABLA ya ह lakini inasomwa BAADA. Hii nayo nani alipanga?

#28 FundiChapa
Hiyo izoee tu. Macho yaone hi kama picha moja, usiipasue. Kwenye kibodi ya simu unabonyeza ह kwanza ndipo ि, yenyewe inaruka mbele kwenye kioo. Kwa mkono unaandika kama macho yanavyoona.

Na mstari wa juu uache mwisho. Andika herufi zote za neno, kisha vuta mstari mara moja. Ukichora kipande kipande mwandiko unakuwa kama meno ya msumeno. Angalia भ na म, घ na ध: tofauti yake iko pale juu, mstari umefunga au umeachia. Ukivuta mstari kizembe umebadilisha neno.

#29 PuneHadiPangani
Na ख ya kizamani iliandikwa kama र na व zimesimama jirani. खाना, chakula, ikasomeka रवाना, kuondoka. Ndiyo maana sasa wanazifunga kwa chini. Ukikutana na mwandiko wa mzee usishangae anakwambia chakula kimesafiri.

Jambo lingine, tarakimu. Jifunzeni ० १ २ ३ ४ ५ ६ ७ ८ ९. Kule Pune basi za mjini mbele zina namba hizo. Wiki ya kwanza niliona १, nikadhani ni 9.

#30 KartasiNyeupe
Ingawa katiba ya India, ibara ya 343, inasema lugha rasmi ya Muungano ni Kihindi kwa Devanagari, na tarakimu ziwe zile za kimataifa. Bunge la katiba lilipitisha tarehe 14 Septemba 1949, ndiyo Siku ya Kihindi. Basi za Pune zinafuata jimbo lao, Kimarathi nacho kinatumia Devanagari. Tena "rasmi", siyo "ya taifa", watu wa kusini hawapendi kuchanganyiwa hayo.

#31 BintiMkunazini
Kusini! Acheni niwape yangu. Nilimpeleka mama kwenye matibabu Chennai. Kabla ya safari nilijifungia miezi miwili, herufi zote, pamoja na ज्ञ inayoandikwa j na ñ lakini inasomwa gy. Najiona msomi. Tumetoka uwanja wa ndege naangalia vibao: maduara, vitanzi, mikunjo, hakuna mstari wa juu hata mmoja. Kitamil! Nikamsemesha dereva Kihindi, akanijibu kwa Kiingereza. Mama akaniuliza, "Ndiyo uliyokuwa ukiyasoma usiku?"

Tulitumia Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Devanagari nimeisoma kwenye noti tu.

#32 Kinyonga wa Mabibo
😂😂 Mama hakuwa na haja ya daktari, alishapata kicheko.

#33 MdauMuscat
Noti yenyewe nyuma ina kipaneli cha lugha 15, na mbele Kihindi na Kiingereza. Nchi inakuonya mfukoni mwako.

#34 PuneHadiPangani
Mzee wa Majora, hukusema unajifunzia nini. Unaenda wapi?

#35 MzeeWaMajora
Mimi nauza vitambaa vya mapazia. Nataka kwenda Surat mwenyewe, niache kupitia kwa watu. Majora yanakuja na maandishi pembeni, nataka niyasome. Ila kwa kweli kuna kitu nilikuwa naona aibu kuuliza. Yale maandishi kwenye marobota hayana mstari wa juu. Nikadhani wanaandika haraka haraka wanaacha kuuvuta.

#36 nyota_ya_Tanga
Ooh.

#37 ShangaziLikoni
Mwanangu, Surat ni Gujarat.

#38 FundiChapa
Hicho ni Kigujarati mkuu. Maandishi yake ni ndugu wa Devanagari aliyevua kofia. Na Wahindi wengi wa Dar, Zanzibar na Mombasa lugha yao ya nyumbani ni Kigujarati au Kikachi. Sisi tukiona Mhindi tunaita yote Kihindi.

#39 MzeeWaMajora
Wiki tatu!! Sugu kwenye kidole!!

#40 PuneHadiPangani
Hazijapotea. क ni ક, ग ni ગ, म ni મ, न ni ન, प ni પ. Ondoa mstari, nyingi utazitambua. Zitakazokupiga chenga ni kama ખ, જ na ઇ. Mpangilio ule ule, kooni hadi midomoni, na "a" ya mwisho inapotea vile vile. Tena stesheni za reli vibao vina Kigujarati, Kihindi na Kiingereza, na wafanyabiashara wa Surat Kihindi wanakisema. Utauza.

#41 BintiMkunazini
Angalau wewe umeambiwa kabla ya kupanda ndege.

#42 ShangaziLikoni
Hebu tukupime basi. Andika mji wako kwa Devanagari, bila kuuliza programu.

#43 MzeeWaMajora
दर एस सलम

#44 MdauMuscat
Umeandika "Dar es Salam" ya kubana pumzi. दर hiyo fupi ni "bei" au "mlango". Sisi "a" zetu kwao ni ndefu, lazima uweke kijiti. Hata jina Salama ukiliandika सलम litasomwa Salam, mwanamke kageuka maamkizi. Andika सलामा.

#45 MzeeWaMajora
दार एस सलाम

#46 KartasiNyeupe
Hapo sawa. Ila wao huandika अस, "as", siyo एस.

#47 FundiChapa
Kwa nini "as"? Mji ni wetu, sisi tunasema "es".

#48 KartasiNyeupe
Kwa Kiarabu ni "as".

#49 ShangaziLikoni
Kwa Kiarabu ni "us", mukitaka kufuata sarufi yake.

#50 kiparamoto
Naongeza kambi, hii haiishi leo.